Usianze na rangi: kusafisha nyumba iliyopikiwa dawa za kulevya

Mama mmoja wa Busia, upande wa Uganda, ameniandikia hivi:

"Nina nyumba ya matofali ya vyumba vinne, jiko likiwa ndani. Nilimpangisha mtu aliyesema anatengeneza sabuni. Mwezi uliopita polisi walivamia, wakabeba mapipa, chupa kubwa za vioo na jerikeni, wakasema alikuwa akipika ile dawa inayoitwa aisi. Sasa wameondoka na nyumba ni tupu, isipokuwa vitanda na sofa. Kuta za jikoni zina madoa ya manjano na kahawia, na ndani kuna harufu kama mkojo wa paka. Fundi anasema kupaka rangi mara mbili kunatosha. Jirani anasema nibomoe. Binti yangu ana watoto wawili wadogo na anataka kuhamia mwisho wa mwezi. Nifanye nini?"

Mama, pole sana. Jibu fupi kwanza: usipake rangi bado, usibomoe bado, na wajukuu wasiingie humo hata kwa kuchungulia mpaka nyumba isafishwe na vipimo vitoke. Mwisho wa mwezi ni mapema mno. Mwambie binti yako leo, asije akafunga mizigo bure.

Anachokosea fundi ni kudhani kwamba tatizo ni madoa. Anayepika aisi, au methamfetamini kwa jina la kitaalamu, hutumia asidi, viyeyusho vikali vya aina ya tina ya rangi, na mara nyingi ayodini, fosforasi au amonia. Mvuke wake haubaki jikoni. Hupanda hadi darini, hupita juu ya kuta zisizofika kwenye mabati, hutua kwenye mapazia, magodoro na ndani ya makabati, kama moshi wa sigiri unavyofika chumba cha nyuma ambacho hakuna anayepika. Huko Colorado, Marekani, watafiti wa hospitali ya National Jewish wakiongozwa na John Martyny walipika dawa hii kwa makusudi, wakishirikiana na polisi, ili wapime kinachosambaa. Dawa na kemikali zake zilikutwa mbali na pale palipopikiwa. Kwa hiyo chumba chako cha kulala kinachoonekana safi nacho hakijawa salama.

Rangi ikipakwa juu ya uchafu huo hufunika tu. Doa la ayodini hupenya na kujitokeza tena baada ya muda, na dawa yenyewe, inayoweza kukaa ukutani miezi na hata miaka, hupanda polepole hadi juu ya rangi mpya. Mtoto anayetambaa hugusa ukuta na sakafu, kisha hutia mkono mdomoni. Kule Victoria, Australia, familia moja ilihamia nyumba iliyokuwa na masalia ya namna hii bila kujua. Watoto walianza kukosa usingizi, kubadilika tabia na kupumua kama wenye pumu. Nywele za familia zilipopimwa zilikutwa na dawa hiyo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitumia. Hao ndio watu ninaowaona ninapokuambia usiharakishe.

Jirani naye anakosea kwa upande wa pili. Nyumba ya matofali yenye plasta na sakafu ya simenti mara nyingi husafishika. Ingekuwa ya udongo na miti, yenye mikeka darini, ningekushauri vingine, kwa sababu udongo hunyonya na hauoshwi. Isitoshe, kubomoa nyumba chafu hutimua vumbi lake hadi kwa majirani, na wanaochukua matofali na mbao kwenda kujengea wanaondoka na sumu bila kujua.

Kabla hujaajiri mtu hata mmoja, nenda kituo cha polisi kilichoshughulikia kesi uombe barua mbili. Ya kwanza iseme kwamba nyumba imeachiliwa na unaruhusiwa kuisafisha. Ukiosha mahali ambapo bado ni ushahidi unaweza kujitia matatani wewe mwenyewe. Usimsikilize anayekuambia kwamba sheria ya dawa za kulevya haipo tena. Ni kweli ile ya awali ilifutwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023 kwa sababu ilipitishwa bila akidi kutimia bungeni, lakini Bunge liliipitisha upya mwaka huohuo. Piga picha za kila chumba, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awepo unapofungua mlango, kwa sababu siku moja utaulizwa ulikuta nini.

Barua ya pili ndiyo muhimu zaidi kwangu: orodha ya walivyovikuta. Sampuli za kesi kama hii hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali pale Wandegeya, Kampala, na majibu yakitoka yataeleza kilichopikwa na kwa kemikali gani. Usafishaji wote unategemea hapo. Nyumba iliyotumika kufungasha heroini tu ina vumbi la kufutwa, haina mvuke uliokunywewa na kuta. Njia nyingine za kupika methamfetamini hutumia zebaki au madini ya risasi, na hapo kazi hubadilika kabisa: zebaki haifagiliwi wala haifyonzwi kwa mashine ya kawaida, kwa sababu ufagio huitawanya na mashine huigeuza mvuke. Jina la zebaki likionekana kwenye orodha, simama hapohapo na umtafute mtaalamu wa taka za hatari.

Sasa usalama wa watakaoingia. Polisi hubeba ushahidi, hawasafishi nyumba, na mara nyingi kitu husahauliwa uvunguni, darini au nyuma ya choo. Mkikuta chupa isiyo na lebo, msiifungue wala kuinusa. Mkikuta mtungi wa gesi ambao koki yake ya shaba imegeuka buluu ya kijani, huenda umebeba amonia, na koki iliyoliwa namna hiyo inaweza kufyatuka wakati wowote. Mkikuta betri zilizopasuliwa, au vipande vya metali laini vilivyozamishwa kwenye mafuta, visiguswe na maji maana vinaweza kuwaka. Katika hali zote hizo tokeni nje, fungeni mlango, rudini polisi.

Kabla ya kazi, umeme ukatwe, madirisha na milango ifunguliwe mchana kwa siku kadhaa, na awepo mtu wa kuwazuia watoto wa jirani. Mvuke wa viyeyusho ni mzito kuliko hewa, hukaa chini karibu na sakafu na kwenye mashimo ya maji, na cheche ndogo ya swichi huweza kuulipua. Najua wengi huondoa harufu kwa kuwasha sigiri au kuchoma ubani. Humo ndani usifanye hivyo kabisa.

Halafu wafanyakazi. Hapa nakuomba kwa moyo wote, Mama. Kuna vijana pale stendi watakaokubali kazi hii kwa hela kidogo, waingie na ndala na barakoa ya kitambaa. Barakoa ya kitambaa, au ile tuliyovaa wakati wa Korona, haizuii mvuke wa asidi hata kidogo. Kinachotakiwa ni barakoa ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya mvuke wa viyeyusho na asidi pamoja na vumbi jembamba, miwani iliyofunika macho pande zote, glavu za nitrile, ovaroli na gambuti. Maduka ya vifaa vya usalama wa viwandani Kampala huuza vitu hivi, na wapuliziaji wa dawa za mashamba makubwa huwa navyo. Gharama yake ihesabu ndani ya gharama ya nyumba. Kama huwezi kumvalisha mtu vizuri, usimwingize. Nguo za kazi zisiende nyumbani kwake kufuliwa pamoja na za watoto wake, na kila anayetoka aoge kabla ya kula. Akiumwa kichwa, akiwashwa macho au akibanwa kifua, aache kazi siku hiyo na aende hospitali akiwa na ile orodha ya kemikali mkononi.

Kazi yenyewe huanza kwa kutoa. Kila kinachonyonya na kisichoweza kuoshwa kwa sabuni kikatoka kweli lazima kiondoke: magodoro, sofa, mapazia, mazulia, mito, vitabu, wanasesere, vyombo vya plastiki na vya mbao. Sufuria alizotumia mpangaji usimpe mtu, hata kama zinang'aa. Dari ya ubao laini au ya jasi ing'olewe, ikiloweshwa kidogo kwanza ili isitoe vumbi. Sofa ni mali na inauma kuitupa, lakini sponji yake haisafishiki.

Ukiyaweka magodoro hayo nje usiku, asubuhi hutayakuta, na mtoto wa mtu atakuwa amelala juu yake. Yakate kwa kisu, uyafunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nzito, uyaweke mahali penye kufuli. Usiyachome nyuma ya nyumba, kwa sababu moshi wa sponji na plastiki yenye kemikali utawafikia majirani wote. Chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 na kanuni za taka za 2020, taka za hatari husafirishwa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Ofisa mazingira wa wilaya atakuonyesha pa kuanzia. Mwambie ukweli wote. Ukisema ni takataka za kawaida zitaishia kwenye jalala ambalo akina mama na watoto wanalichakura kila siku.

Baada ya kutoa ndipo mnaosha. Kama mnaweza kukodi kifyonza vumbi chenye chujio la hepa, linalonasa vumbi jembamba kabisa, anzeni nacho. Cha nyumbani kisitumike, hupuliza vumbi jembamba hewani upya. Kisha mnaosha kwa maji na sabuni ya unga ya kawaida, kuanzia juu kwenda chini: mabati na mbao za paa, kuta, milango, madirisha, makabati ndani na nje, mwisho sakafu. Anzeni na chumba kilicho mbali zaidi na jiko, mmalizie jikoni, ili msiburute uchafu kwenda kulikosafishwa. Kila eneo lioshwe mara 3 angalau, na kila mara lisuuzwe kwa maji safi. Tumieni vitambaa vingi na mvibadilishe mara kwa mara. Ndoo ya sabuni iwe yake na ya kusuuzia iwe yake. Maji yakibadilika rangi, mmwage mahali nitakapoeleza, mchote mengine. Kitambaa kimoja kinachozunguka nyumba nzima hakisafishi kitu, kinaugawa uchafu vyumba vyote sawasawa.

Msitie jiki. Najua ndiyo inayokuja akilini kwanza, tumezoea kuamini kwamba jiki huua kila kitu. Kuta zako zinaweza kuwa na asidi, na jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Watu wamejiumiza vibaya kwa mchanganyiko huo hata katika usafi wa choo cha kawaida, sembuse humo. Sabuni na maji, vikirudiwa kwa subira, vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Jikoni penye madoa ndipo patakapokusumbua. Kama plasta imepakwa rangi ya mafuta, huenda uchafu umebaki juu na utatoka. Kama ni plasta tupu au chokaa, imekunywa. Osha mara 3, acha ikauke siku kadhaa, kisha rudi uangalie. Doa likirudi au harufu ikibaki, sehemu hiyo ya plasta ichongwe hadi kwenye tofali, ikiwa imeloweshwa, na kipande kinachotoka kiende pamoja na taka za hatari. Ni vivyo hivyo kwa simenti ya sakafu iliyoliwa na asidi ikawa inamomonyoka. Angalieni na soketi na swichi pia, maana mvuke wa asidi hula shaba ndani yake. Fundi umeme azifungue zote kabla umeme haujarudishwa.

Maji machafu ya kuoshea yasiende uani, yasiende mtaroni, na kamwe yasiende kwenye kinamasi au karibu na kisima. Ndiyo sababu nasema mtumie vitambaa vilivyokamuliwa, si kumwaga ndoo ukutani. Yakiwa machache yanatosha kwenye jerikeni chache zenye alama, yakisubiri aliyepewa leseni. Na hapo niongeze jambo ambalo hukuniuliza. Makadirio yanayotumika sana Marekani ni kwamba kila kilo 1 ya methamfetamini huacha nyuma kilo 5 hadi 6 za taka zenye sumu. Huyo mpangaji wako alizimwaga wapi? Tazama shimo la choo, shimo la maji machafu, na nyuma ya nyumba kama kuna udongo uliobadilika rangi au majani yaliyokauka kwa duara. Ukiona dalili na kuna kisima jirani, watu waache kunywa maji yake mpaka yapimwe, na hilo mwambie LC siku hiyohiyo bila kuona aibu. Hukulitenda wewe.

Sasa vipimo, maana pua haitoshi. Harufu huisha mapema kuliko dawa. Mpimaji huchora mraba wa sentimita 10 kwa 10 ukutani, huufuta kwa pamba iliyoloweshwa spiriti maalumu, na maabara hupima dawa iliyoshikwa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya milioni ya gramu. Nenda Wandegeya uulize utaratibu na ada, au maabara binafsi yenye mashine za kutambua dawa. Chukueni sampuli kila chumba, si jikoni tu, na anayepima asiwe yule aliyelipwa kuosha.

Utaulizwa kiwango gani ni salama, na utasikia majibu tofauti. Majimbo kadhaa ya Marekani yalichagua mikrogramu 0.1 kwa mraba huo. California ilichagua 1.5 baada ya kupima hatari kwa mtoto mdogo. Australia inatumia 0.5. Kwa nyumba iliyopikiwa, itakayolaliwa na watoto, mimi ningeishika 0.5 na nisilale usingizi juu ya namba iliyo kubwa kuliko hiyo.

Lakini nikuonye pia dhidi ya hofu inayouza huduma. New Zealand iliingia katika wazimu wa kupima nyumba ambazo watu walikuwa wamevuta tu, hawakupika. Wapangaji maskini wa nyumba za serikali walifukuzwa kwa sababu ya chembe ndogo mno. Mwaka 2018 mshauri mkuu wa sayansi wa waziri mkuu, Peter Gluckman, alitoa ripoti iliyosema kwamba masalia ya uvutaji hayakuwa na ushahidi wa kumdhuru anayeishi humo, na kwamba chini ya mikrogramu 15 hakukuwa na sababu ya kusafisha kama hapakuwa na upishi. Shirika la nyumba likaomba radhi na kulipa fidia. Kwa hiyo akija mtu akikuambia kila nyumba yako ya kupangisha hapo Busia ipimwe, muulize kwa nini. Yako hii ina sababu: mapipa, madoa, harufu. Zile nyingine hazina.

Vipimo vikitoka safi ndipo fundi wako aitwe. Apake rangi ya mafuta kuta zote na dari mpya, na sakafu ya jikoni ipate rangi ngumu ya sakafu. Hapo rangi inafanya kazi yake ya kweli, ya kufungia chembe zilizobaki chini ya kiwango. Vipimo vikitoka vibaya, osheni tena chumba kilichoshindwa, mpime tena. Chumba kikishindwa mara ya pili baada ya kuoshwa vizuri, plasta yake itoke.

Atakayeishi humo, awe binti yako au mpangaji, aambiwe kabla hajalipa. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inakutaka utoe nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu. Onyesha barua ya polisi na karatasi ya maabara. Kuna watakaoondoka. Watakaobaki watajua kwa nini mtoto akianza kukohoa wamweleze daktari habari ya nyumba.

Mpangaji ajaye mpe mkataba ulioandikwa, na uweke kifungu cha kuingia kukagua baada ya taarifa. Mpangaji anayelipa miezi mingi kwa mkupuo, anayeziba madirisha kwa makaratasi na asiyetaka uone jiko, mtembelee mapema. Mwaka 2024 polisi wa Afrika Kusini walikuta maabara kubwa ya dawa hii katika shamba karibu na Groblersdal, na Nigeria ilikuta ya namna hiyo Asaba mwaka 2016. Watu hawa hutafuta mahali ambapo mwenye nyumba hapiti.

Ukipata ile orodha ya polisi, niandikie tena yaliyomo, pamoja na picha mbili za ukuta wa jikoni na moja ya sakafu. Niambie pia kama plasta ilipakwa rangi ya maji, ya mafuta, au chokaa. Kwa hayo nitaweza kukuambia kama jikoni kunahitaji kuchongwa moja kwa moja, ili usilipe watu kuosha ukuta ambao mwishowe utang'olewa.